Kaa Wasiobana

Kila Jumamosi, baba akimaliza kupulizia nyanya dawa ya wadudu, kazi yangu ilikuwa kuosha bomba. Shamba letu ni kinyungu, bustani ya bondeni, na kijito kinapita pembeni yake. Baba alikuwa amechimba shimo juu, mbali na maji.

"Evarista, oshea huku," alizoea kusema. "Maji machafu yaishie shimoni."

Hizo zilikuwa safari tatu za kupanda mteremko na ndoo kichwani. Jumamosi moja nilichoka. Baba alipotangulia nyumbani, nililizamisha bomba kijitoni. Maji yalitoka meupe kama maziwa, yakaenda na mkondo. Vidudu vinavyotembea juu ya maji vilizunguka-zunguka, kisha vikatulia.

"Umeoshea shimoni?" baba aliniuliza nilipofika.

"Ndiyo, baba."

Kesho yake, tulipotoka kanisani, mdogo wangu Paskalina alishuka bondeni. Alirudi mbio na sufuria.

"Mama, njoo uone! Leo kaa hawakimbii. Nimewaokota tu, hata mmoja hajanibana!"

"Wewe mwoga wa kaa, leo umekuwa shujaa?" mama alicheka, akabandika sufuria jikoni.

Nilikaa nikitazama kaa wakigeuka wekundu. Sikuogopa. Sikuona aibu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi. Mama aliepua, akatia chumvi. Paskalina alivunja gando moja, akalipuliza lipoe.

"Usile," nilisema.

"Una wivu tu. Kwani umewaokota wewe?"

Nikampokonya. Sauti iliyonitoka haikuwa kama yangu. "Bomba niliosha kijitoni. Hao kaa wana dawa."

Hakuna aliyenipiga. Baba aliwamwaga kaa shimoni, akawafukia.

"Jana nilikuuliza," alisema. "Sasa twende ukawaambie wanaochota maji huko chini."

Tulipita nyumba nne, nami nikarudia maneno yaleyale. Mama Jailos alikuwa ameshajaza madumu mawili. Aliyamwaga mbele yangu. Nilitazama maji yakizama ardhini na bado sikusikia kitu moyoni.

Jumatatu bwana shamba, mzee Liberatus, alikuja. Aliinua jiwe kijitoni, upande wa juu wa mahali nilipooshea: chini yake konokono na vidudu vilijaa. Akainua jingine upande wa chini, maji yanakoelekea. Hapakuwa na kitu.

"Dawa haijui huyu ni mdudu wa nyanya na huyu wa kijito," alisema. "Inaua wote. Wakiisha, kaa na samaki watakula nini?"

Akatuagiza kwa sasa tuchote maji ya chemchemi, na tuache ukanda wa majani kati ya nyanya na kijito.

Tangu hapo nilipanda mteremko mara tatu kila Jumamosi. Nikimaliza, niliinua jiwe kule upande wa chini. Wiki baada ya wiki, palikuwa patupu. Mvua zikaja, zikapita.

Siku moja Paskalina alipiga ukelele kijitoni. "Amenibana! Dada, kaa amenibana!"

Kidole chake kilikuwa kinatoka damu, naye anacheka. Mimi nikaanza kulia, nikashindwa kunyamaza.

Baba aliweka jembe chini, akanishika bega.

"Lia tu, mwanangu. Kijito hakikujua kwamba siku ile ulikuwa umechoka. Kazi unayoikwepa huku juu inawaangukia walio chini. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla mwenzako hajabandika sufuria."

Paskalina alimrudisha kaa majini. Nami nikachukua ndoo. Bomba lilikuwa bado halijaoshwa.