Nilibadilisha Jina la Mama Neema, Nikaacha Mengine Yote

Nina miaka thelathini na saba, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Lodwar. Nasomea shahada ya uzamifu katika sosholojia, na jamaa zangu kule Kalokol walianza kuniita daktari kabla sijaandika hata sura ya kwanza. Wasomaji wenzangu, sina mume aliyenitoroka wala rafiki aliyenidhulumu. Ubaya ninaousimulia hapa niliutenda mimi mwenyewe, tena nikipigiwa makofi!

Tulikuwa wanafunzi wapya tisa. Kabla ya kuruhusiwa kwenda kuhoji watu, tuliwekwa darasani wiki mbili hapa Lodwar tufundishwe kazi ya utafiti... kuuliza, kusikiliza, kuandika ulichosikia. Mkufunzi wetu alikuwa Daktari Akiru, mama wa makamo, mpole wa sauti lakini mkali wa kalamu. Kila mmoja wetu alipangiwa mwenzake wa kusomeana kazi. Mimi nilipangiwa Ekal, kijana wa wafugaji wa mbuzi kutoka Lopur, karibu na Kakuma, na kusema kweli nilimdharau. Mimi niliyefundisha sekondari miaka kumi na mmoja, huyu anisahihishe nini?

Siku ya somo la kuwalinda watu tunaowahoji, nilitia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, kisha nikatoka nje kupiga simu. Nilikuwa namsimulia dada yangu jinsi nilivyojibu swali asubuhi hadi darasa zima likanyamaza. Niliporudi somo lilikuwa linaishia. Nikasikia mambo mawili tu: ubadilishe jina la mtu, na ukimaliza kazi uwarudishie wenyewe matokeo. Nikayaandika na kuyapigia mstari.

Yaliyosemwa katikati sikuyauliza. Ningeulizaje, nionekane sijui? Ekal alininyooshea daftari lake ninakili, nikamwambia nimeelewa yote.

Utafiti wangu ulihusu akina mama wakimbizi na malezi ya watoto kambini Kakuma. Huko ndiko nilikokutana na Mama Neema, Mkongomani, fundi wa nguo aliyekuwa na cherehani mbili nyuma ya kanisa lao. Kanzu zote za kwaya alizishona yeye. Mkono wake wa kushoto una kovu refu la moto. Binti yake, Neema, alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, mcheshi, mpenda vitabu.

Mara sita nilikwenda kwake tukaongea habari za vitambaa na karo na kanisa. Mara ya saba Neema alikuwa shuleni. Mama Neema aliacha kushona, akasogeza kiti karibu na changu, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Neema si mtoto wa tumbo lake. Walipokuwa wakikimbia vita, mwanamke aliyekuwa akitembea naye alishikwa na homa, akaanguka kando ya njia, asiinuke tena. Mama Neema alimfungua mtoto kutoka mgongoni mwa maiti, akamfunga mgongoni mwake kwa kitenge kilekile cha kijani, akaendelea kutembea. Alipoulizwa mtoto ni wa nani, alijibu ni wake. Kitenge hicho amekihifadhi sandukuni miaka yote.

Neema hakujua. Nilipomuuliza mama yake kama atamwambia, alinijibu, “Atamaliza masomo kwanza. Kiisha nitamuambia mimi mwenyewe, na kinywa yangu. Haiko mutu mwingine.” Kisha akanishika mkono na kuniuliza kama niliyoyaandika yatabaki kwangu. Nikamwapia kwamba hakuna atakayejua kamwe!

Miezi michache baadaye tukaitwa Lodwar kwenye mkutano ambapo kila mwanafunzi mpya angesimulia kisa kimoja kutoka kwenye utafiti wake. Visa vingechapishwa katika kijitabu. Ekal aliniandikia ujumbe nimtumie ukurasa wangu ausome, kwa kuwa watu wa Kakuma anawafahamu. Nikamjibu asante, niko sawa. Kazi yangu nikaichelewesha makusudi hadi siku ya mwisho ili isipitie mikononi mwa mtu, nikaituma moja kwa moja kwa mchapaji.

Jina nilibadilisha, kweli. Mama Neema nikamwita Mama Rehema, na Neema nikamwita Zawadi. Lakini cherehani mbili niliziacha. Kanzu za kwaya, kovu la mkono wa kushoto, kitenge cha kijani sandukuni... vyote niliviacha! Niliona ndivyo vinavyoipamba hadithi.

Nilisimama mbele za watu nikasoma kwa madaha. Mama mmoja alifuta machozi. Makofi yalilia, nami nikavimba kichwa. Ni Daktari Akiru peke yake ambaye hakupiga makofi. Alinivuta kando na kuniuliza, “Mwalimu, kuna mtu wa Kakuma amesoma hii kabla ichapishwe?”

Nikamwambia jina nimebadilisha. Akakifunga kijitabu. “Jina pekee halimfichi mtu. Tafadhali hivi vijitabu visitoke hapa. Jumatatu njoo ofisini tukae tuongee.”

Niliona ni wivu. Ndiyo, nilifikiri hivyo! Nikajikumbusha kwamba nilifundishwa kurudisha matokeo kwa wenyewe, na Jumamosi nikabeba vijitabu ishirini hadi Kakuma. Ekal aliniona nikipakia boksi, akaniuliza kama Daktari ameruhusu. Nikamwambia ashughulike na mbuzi wake.

Boksi nililiacha kwenye chumba cha kusomea cha vijana, karibu na kanisa. Vijana walinisalimia “Ejok, mwalimu!” nami nikaitikia nikijiona nimewaletea zawadi. Sikupita hata kwa Mama Neema. Nilikuwa na haraka ya kurudi Lodwar kupongezwa, na Jumatatu ofisini kwa Daktari Akiru sikwenda.

Wasomaji, kambini jina la mtu ndilo jambo la mwisho kujulikana. Watu hujulikana kwa mtaa, kwa kazi, kwa mtoto. Mimi mwenyewe, niliyenywa chai yake mara saba, sikulijua jina lake la ubatizo! Sasa nilikuwa nimemficha nani?

Aliyekifungua kijitabu ni Neema mwenyewe, siku ya Jumanne, baada ya masomo. Alisoma ukurasa wangu mpaka mwisho. Akaenda nyumbani wakati mama yake yuko sokoni kununua uzi, akafungua sanduku, akakuta kitenge cha kijani chini ya nguo. Mama yake aliporudi alimkuta ameketi sakafuni, amekikunjua mapajani.

Habari hizo niliambiwa na Ekal kwa simu. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba Neema amehamia Kalobeyei, makazi ya wakimbizi ya jirani, kwa familia ya rafiki yake wa kwaya, na kwamba pale kanisani kila mtu anaongea.

Mnajua jambo la kwanza nililofanya? Nilimdanganya Daktari Akiru! Aliponiita ofisini kuniuliza, nilimwambia vijitabu lazima vilibebwa na washiriki wengine. Ekal alikuwa ameketi palepale, anaujua ukweli wote, akaangalia chini, akaninyamazia. Sijawahi kuona aibu mbele ya mtu kama nilivyoona mbele ya kijana yule.

Wiki mbili nilikaa na uongo huo. Mwishowe nilirudi ofisini nikasema kila kitu, nikilia. Daktari Akiru alinipa maji, akanisikiliza hadi nikamaliza, ndipo akachukua kalamu. Vijitabu vilivyobaki vilikusanywa. Kisa kiliondolewa kwenye kazi yangu. Nilisimamishwa utafiti, na barua ikaenda kwa kamati. Kisha akanieleza somo lile nililolikimbia: ukishaandika, mpe mtu anayeishi palepale asome, na akimtambua mhusika, andika upya. Ilimchukua dakika tano hivi kunieleza. Dakika tano tu!

Nilikwenda kwa Mama Neema. Nilitarajia matusi, na laiti angenitukana! Alinipa kiti. Nilipiga magoti, nikamwomba radhi. Mguu wake ulikuwa juu ya pedali ya cherehani bila kuikanyaga.

“Mwalimu,” alisema, “mi nilimubeba ule mutoto wiki tatu mu pori. Nilikuwa naogopa njaa, naogopa askari. Weye sikukuogopa. Ulikuya na kalamu tu.”

Nikamuuliza kama Neema amekuja kumwona. Alikuja mara moja, kuchukua sare za shule.

“Alinisalimia muzuri. Ananiita Mama Neema sasa. Sawa vile majirani wananiita.”

Aliposema hayo ndipo alipolia. Mimi niliketi pale na elimu yangu yote.

Nilimtafuta Neema Kalobeyei nimwambie kosa ni langu, si la mama yake. Nilimweleza kwamba mama yake alikuwa akisubiri tu amalize shule. Alinisikiliza kwa adabu. Mwishowe akasema, “Mwalimu, mimi sina hasira na yeye kunichukua. Lakini nyinyi mlijua, watu wa Lodwar wakajua, mimi ndio nilikuwa wa mwisho. Kwa fomu ya mtihani kuna mahali ya jina ya mama. Wanataka fomu Ijumaa. Niandike nani?”

Alingoja kidogo, kisha akaniaga, akarudi ndani kusaidia kupika.

Wenzangu mnaoanza safari hii ya masomo ya juu, nawasihi. Mkifundishwa, kaeni kitini hadi mwisho. Msilolijua ulizeni, hata mkichekwa! Mkipewa mwenzenu wa kuwasomea kazi, mpeni aisome, awe mchunga mbuzi au mtoto wa waziri. Na hata ninyi msiosoma chochote, mliowahi kuaminiwa neno na mtu, msiligeuze pambo lenu mbele za watu.

Nimeruhusiwa kuendelea na masomo, kwa masharti. Huenda siku moja nikaitwa daktari kweli. Kule Kalokol watachinja, watashangilia. Lakini kuna mama mmoja Kakuma aliyekuwa amebakiza jambo moja la kumwambia mtoto wake, na alikuwa amejiandaa kulisema kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi nililisema kabla yake, na sasa hana tena la kumwambia.