Beseni la Saa Saba

Pudensiana hakuwa mwanamke wa kuhangaishwa na vyombo. Siku ya kwanza alipotoka nje saa saba mchana akakuta beseni lake la bluu limekaa sawasawa juu ya kichanja, wakati asubuhi alikuwa ameliinamisha mdomo chini ili likauke, alimsingizia binti yake Emerensiana, akaligeuza, akaendelea kuchagua mchele. Siku ya pili lilikuwa limekaa sawasawa tena, na safari hii lilikuwa na maji. Alichovya kidole. Yalikuwa vuguvugu, kama yale anayoandaa yeye mwenyewe kwa ajili ya mzazi.

"Eme, nani kaweka maji humu?"

"Mimi natoka shambani sasa hivi, mama. Hata moto sijawasha."

Kweli, mafiga yalikuwa ya baridi. Pudensiana aliyamwaga maji yale mgombani haraka, maana alikuwa na sababu ya kutolipenda beseni lile. Wiki mbili kabla, ndilo alilobeba kwenda kumzalisha Kabula.

Pale Majimoto na vitongoji vyake, vijana wengi walipita mikononi mwa Pudensiana kabla ya kuliona jua. Alikuwa mkunga wa jadi, mjane, muumini asiyekosa misa, na mwenye mdomo wake: mzazi akipiga mayowe, alimwuliza kama na ile siku ya kuitafuta mimba aliyapiga hivyo hivyo. Wakunga kama yeye walishaambiwa siku nyingi wawapeleke wazazi zahanati, na aliwapeleka, isipokuwa wale waliomlilia. Kabula, mke mwenye umri mdogo wa mfugaji mmoja aitwaye Masunga, alimlilia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, zahanati naogopa kufokewa. Nizalishe wewe." Pudensiana alipenda kupendwa, akakubali.

Sasa, kazi yake ilikuwa na hatua moja ambayo kwa miaka arobaini hakuwahi kuiruka. Kondo la nyuma likishatoka, aliliweka kwenye beseni la maji vuguvugu, akaliosha taratibu, akaligeuza, akapitisha vidole pande zote kutafuta pengo, kwa sababu kipande kikibaki tumboni damu haikomi. Siku ile aliiruka. Ukoo wa Masunga ulikuwa na mwiko wao: kondo liwe limeshafukiwa kabla ng'ombe hawajaingia bomani. Siku zote ng'ombe hurudi jioni, lakini siku ile walikuwa wamepelekwa joshoni kuogeshwa dawa ya kupe, wakarudi mapema, na saa saba mchana, kitovu cha mtoto ndiyo kwanza kimefungwa, kengele ya dume la mbele ikasikika njiani. Minza, mama mkwe wa Kabula, akaanza kuhimiza kwa hofu, "Fanya haraka, wanaingia, wanaingia!" Pudensiana alilitupia kondo jicho moja, akalifunga kwenye jani la mgomba, akakimbia na jembe nyuma ya nyumba.

Aliporudi, Kabula alimwuliza kwa sauti ndogo, "Mayu, limetoka lote?"

"Lote, mwanangu. Lala."

Saa kumi vitenge vitatu vilikuwa vimelowa. Saa kumi na moja ikaitwa bodaboda. Kabula alikata roho kabla hawajafika darajani, akiwa amebanwa kati ya dereva na mumewe, na mtoto wake wa kike akabaki kwa bibi yake Minza, akilia kutaka ziwa.

Msibani, kaka wa marehemu, Hezron, alisimama mbele ya watu wote. "Mama mkunga, nakuuliza wewe uliyekuwepo. Kondo lilitoka zima?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa fupi. Pudensiana alizitazama nyuso zile. Alilifikiria jina lake la miaka arobaini, akawafikiria polisi, akasema, "Lilitoka zima."

"Basi hapa kuna mkono wa mtu," alisema Hezron. Na macho ya watu yakahama mmoja baada ya mwingine, yakaenda kutua kwa Minza, kikongwe ambaye macho yake yalikuwa mekundu, alama ya mchawi kwa wengi, kumbe ni kwa moshi wa kumpikia uji mkwe wake.

Siku ya tatu ya mambo ya beseni, ilitangulia kengele. Emerensiana alikuwa ndani na mama yake, mlango umeegeshwa kuzuia jua, wakaisikia ikija kutoka upande wa majarubani, kwenye mashamba ya mpunga, mwendo wa ng'ombe asiye na haraka, ikapita mgombani, ikasimama uani. Walichungulia. Hapakuwa na ng'ombe wala alama ya kwato mchangani. Kisha ikaja harufu, ile ya chumba cha kujifungulia kilichofungwa madirisha, damu na jasho na maji ya moto, na nyuma yake sauti ya kitu kizito na laini kikigeuzwa ndani ya maji, kikigeuzwa na kuoshwa na kugeuzwa tena, taratibu, kwa uvumilivu wa mtu anayeifanya kazi aliyoiacha mwenzake, huku vidole visivyoonekana vikikwaruza chini ya beseni kana kwamba vimefika mahali penye pengo, vikarudi, vikapapasa tena palepale.

"Mama," Emerensiana alinong'ona, ameushika mkono wa mama yake. "Anaosha nini?"

"Nyamaza."

Nje, sauti ndogo iliuliza, "Mayu, limetoka lote?"

Pudensiana aliishika rozari yake akaanza Salamu Maria, akaipoteza katikati, yeye aliyeisali tangu utoto. Walipothubutu kutoka, maji ya beseni yalikuwa mekundu.

Iliendelea hivyo kila siku, saa ile ile. Siku ya sita Emerensiana alirudi kutoka sokoni amebadilika uso. "Mama, Bibi Minza kapewa siku tatu ahame. Wamemwambia asipohama atajua mwenyewe. Na kale katoto anako yeye." Akavuta pumzi. "Si ungeenda tu ukasema."

"Nikaseme nini?"

"Mimi sijui, mama. Wewe ndiye unaulizwa kila siku."

Pudensiana alikasirika, na hasira ile ilimsaidia kulikwepa lile neno. Badala ya kwenda bomani kwa Masunga, alikwenda kwa mganga Lyamba.

Lyamba alikuja na vibuyu vyake na kuku mweusi. Alilinusa beseni, akaurudisha uso wake nyuma. "Hili ni jini la kwenye chemchemi yetu ya maji moto. Limefuata damu iliyo mikononi mwako. Lakini limevaa sauti ya mtu, na jini halivai sauti ya mtu bila kupewa nafasi. Kuna jambo hujaniambia?"

"Hakuna."

"Mama, nikifunga bila kujua nafunga nini, nitafunga chochote kilichopo."

"We funga tu, baba."

Akafunga. Alichinja kuku, akamwaga dawa pembe nne za uwanja, akalifunika beseni mdomo chini na kuweka jiwe juu yake, akapigilia msumari wa chuma kizingitini. Alipougonga msumari mara ya mwisho, kutoka upande wa majarubani kilisikika kilio cha mwanamke, si cha kutisha hata kidogo, kilio cha mtu aliyekuja kuomba akafungiwa mlango usoni. Emerensiana alilia naye.

Dawa ya Lyamba ilikuwa dawa kweli. Kesho yake saa saba ilipita kimya. Na ya pili yake. Siku ya tatu Pudensiana alikula akashiba, akajiambia kwamba kama marehemu ameridhika kuondoka, basi amesamehe. Hivyo ndivyo alivyojiambia, mwanamke yule ambaye vidole vyake viliweza kumjua mtoto aliyekaa vibaya tumboni bila kumvua mama kitenge.

Siku ya nne asubuhi walimkuta Minza kando ya jaruba, amelala kifudifudi, ameuawa, upande wa njia iendayo kwa Pudensiana. Hakuna aliyeona kitu, hakuna aliyesikia. Mtoto alikuwa bado amefungwa mgongoni kwake, mzima, amelia mpaka sauti imekauka. Watu walisema labda alikuwa anamkimbiza mtoto kwa mkunga, maana hakuwa na mwingine wa kumkimbilia.

Emerensiana alikwenda msibani. Pudensiana alibaki amekaa kitandani, na saa saba ilipofika alisikia jiwe likianguka na beseni likijigeuza. Hakuchungulia safari hii. Alitoka mwenyewe, akavuka msumari wa Lyamba, akasimama juani, na mbele yake maji yalikuwa yakitikisika beseni zima, na harufu ilikuwa ile ile, na kile kitu kizito kilikuwa kikigeuzwa kama kawaida, ila sasa mikono iliyokuwa ikikigeuza ilikuwa minne, miwili myepesi na miwili ya kizee iliyokuwa ikitetemeka, na ile ya kizee ilikuwa ikisaidia ile mingine kutafuta.

Pudensiana alipiga magoti. Machozi yalimtoka kama mtoto.

"Halikuwa zima," alisema. "Nilikuwa nawahi ng'ombe wasiingie. Sikuliangalia, Kabula. Minza, mama yangu, sikuliangalia."

Maji yakatulia. Kisha karibu na sikio lake, bila hasira, kwa uchovu wa mtu aliyetembea njia ndefu amebeba mtoto, sauti ya kizee ikasema:

"Ungesema juzi, mama mkunga."

Pudensiana alikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Halafu alijifunga kanga kiunoni, akalichukua beseni pamoja na maji yake, akashika njia ya bomani kwa Masunga akawaambie waliobaki ukweli. Nyuma yake, kengele ya ng'ombe ilimfuata mpaka alipofika.