Pete Namba Kumi na Saba

Kila jioni baada ya masomo, Kuyili alikaa kwenye karakana ya mama yake mjini Coimbatore, India, akifunga vipuri kwa karatasi laini. Zamani walitengeneza vipuri vya pampu za maji tu. Tangu kampuni binafsi za roketi zianze kutafuta mafundi, mama yake, Vadivu, alikuwa amepata kazi ya pete arobaini za chuma za vali za roketi, kila moja imechongwa namba yake.

Jumatano hiyo Kuyili alihesabu mara tatu.

"Mama, namba kumi na saba haipo."

"Angalia vizuri, usinitie presha. Mkaguzi wa kampuni anakuja kesho."

"Haipo, Mama. Halafu..." Akashusha sauti. "Nikitoka shule nilimwona Kaka Elango akitokea kwa Ponnusamy."

Ponnusamy alikuwa na karakana ng'ambo ya barabara, na kazi hii ya roketi alikuwa ameitaka yeye. Elango alikuwa fundi mgeni hapo kwa mama, hata miezi miwili hajamaliza. Walipomtazama, alikisukuma kikopo chake cha chakula chini ya benchi kwa mguu.

"Elango," mama aliita, "hebu fungua hicho kikopo."

"Ni wali wa limau tu, dada."

"Basi nionjeshe."

Mafundi wenzake wakacheka. Elango hakucheka. Alikifungua taratibu. Ndani, juu ya kitambaa, ilikuwepo pete namba kumi na saba.

"Mwizi!" Kuyili alipaza sauti.

"Kumbe unampelekea Ponnusamy kazi yetu?" mama akauliza.

"Nilikwenda anipimie. Ana dawa ya kuonyesha nyufa, sisi hatuna." Elango aligeuza pete. Ubavuni dawa ilikuwa imeonyesha ufa: mstari mwekundu, mwembamba kama unywele.

"Mbona hukuniambia?"

Elango aliinamisha kichwa. "Nilikofanya kazi zamani, nilimwambia bosi kipuri kina ufa. Akakiuza hivyo hivyo, mimi akanifukuza. Nikadhani na wewe ni walewale."

Mama akachukua simu.

"Dada, ukimwambia mkaguzi watatunyang'anya kazi!" fundi mmoja akamsihi.

"Na roketi ikilipuka?" mama akajibu, akampigia mkaguzi.

Kesho yake mkaguzi alizipaka dawa pete zote. Tisa zilikuwa na nyufa. Chuma chenyewe kilikuwa kibovu tangu kiliponunuliwa. Kampuni ikawapa wiki mbili watengeneze upya kwa chuma kingine.

Kuyili alimfuata Elango mashineni. "Kaka, nilikuita mwizi mbele ya watu. Nisamehe."

"Na mimi nilimdhania mama yako mlaghai. Tuko sare."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. "Kazi hii inataka shaka," alisema. "Chuma kishuku mpaka kipimwe. Lakini mtu muulize kwanza, tena ana kwa ana. Jana tulishukiana watu watatu, kila mmoja na mdomo wake kaufumba."

Akampa Elango chupa mpya ya dawa ya kupimia nyufa, akarudi kwenye mashine yake.