Kidonge Kilichokatwa Nusu

Kila siku baada ya masomo Chiriku alipita nyumbani, akavua sare, akachukua chupa ya chai na mkate aliofungiwa na mama yake, kisha akaenda karakana. Chiriku halikuwa jina lake la darasani. Aliitwa hivyo kwa sababu alianza kuongea anapofungua macho asubuhi na kunyamaza usingizi unapomzidi nguvu. Nyumbani hakuna aliyempa siri. "Ukimwambia Chiriku," mama yake alizoea kusema, "umeshatangaza redioni."

Karakana ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, kati ya mchomeaji vyuma na muuza vioo. Humo baba yake na baba yake mdogo walitengeneza makochi. Baba alishika mbao. Alipima, akakata kwa msumeno wa umeme, akapigilia misumari mpaka kiunzi kikasimama. Baba Mdogo alishika vitambaa. Alikata sponji, akashona, akavuta kitambaa mpaka kikakaza bila kunyanzi hata moja. Wateja walisema Baba hutengeneza mifupa na Baba Mdogo hutengeneza ngozi, na kwamba ukimpata mmoja bila mwenzake utakalia mbao tupu.

Mtaa mzima uliwaita Nusu kwa Nusu. Ndugu hao walifiwa na mama yao wakiwa wadogo, na tangu hapo waligawana kila kitu. Mkate ulikatwa katikati. Gazeti liligawanywa, huyu habari, yule michezo. Hata sigara, Baba aliivuta hadi nusu, kisha akampa mdogo wake amalizie bila kuulizwa. Walifanya hivyo hata siku walipokuwa wamenuniana.

Sigara hizo ndizo zilizomletea Baba balaa. Kikohozi kilimshika akiwa kazini, akaacha ubao katikati ya msumeno na kukaa chini akihema. Usiku Mama alimsikiliza akikohoa, naye hakupata usingizi. Asubuhi moja akamwekea shati safi kitandani.

"Mwenzangu, leo unakwenda hospitali," alisema. "Mimi sitaki kuwa mjane kwa sababu ya moshi."

Ilikuwa siku isiyo na masomo, kwa hiyo Chiriku alimsindikiza baba yake. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alimpima Baba kifua, akatazama picha yake, akamweleza kwamba mapafu yameanza kuchoka na kwamba akiendelea kuvuta yatachoka kabisa.

"Nimejaribu kuacha, Daktari," Baba alisema huku akitazama viatu vyake. "Nikiacha asubuhi, jioni natetemeka na kugombana na kila mtu. Nikaona mimi si mwanamume wa kutosha."

"Hapana, mzee wangu. Sigara imeuzoesha mwili wako, na mwili unadai. Hiyo si aibu. Kuna vidonge vinavyosaidia kupunguza hiyo hamu. Lakini kwanza nijibu maswali. Umewahi kuanguka kifafa? Degedege? Umewahi kuumia kichwa vibaya? Kuna dawa nyingine unayotumia?"

Baba alijibu hapana kwa kila swali, na alisema kweli.

"Vizuri. Utaanza vidonge ukiwa bado unavuta, kisha siku tutakayopanga unaacha kabisa. Meza kizima. Usikivunje, usikitafune, kwa sababu kimetengenezwa kiyeyuke polepole. Na ni vyako peke yako."

Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yameshafika mlangoni. Chiriku alisikia kila neno.

Kesho yake alipofika karakana na chai, aliwakuta wameinama juu ya meza ya kukatia sponji. Baba alikuwa ameweka kidonge juu ya kibao, na Baba Mdogo ameshika kisu chake chembamba. Kisu kilishuka. Kidonge kikagawanyika katikati kabisa, kwani mkono wa Baba Mdogo haukukosea kamwe.

"Baba, daktari alisema kisivunjwe," Chiriku alisema. "Tena alisema ni chako peke yako."

"Daktari hajui habari zetu," Baba alijibu. "Baba yako mdogo naye anavuta, naye anataka kuacha. Mimi nipone halafu yeye nimwache na moshi wake? Nitakuwa ndugu gani mimi?"

"Hebu fikiria," Baba Mdogo alisema akicheka, "kaka yangu ananukia sabuni, mimi nanukia jivu. Hata wateja watanikimbia." Kisha akainama karibu na sikio la Chiriku. "Lakini mama yako asijue, atatufokea wote wawili. Leo tutaona kama kweli huna kifua. Unaweza kuweka siri?"

Chiriku alikuwa na jambo kwenye ncha ya ulimi. Nyuma ya kichwa cha Baba Mdogo palikuwa na kovu refu, pasipoota nywele. Mama aliwahi kumsimulia kwamba ujanani Baba Mdogo alianguka kutoka juu ya paa, akaumia kichwa, na baadaye akawa anaanguka na kutetemeka mara kwa mara. Hali hiyo iliisha yenyewe, na nyumbani haikuzungumzwa tena. Lakini daktari aliuliza habari za kichwa. Kwa nini aliuliza?

Alifungua kinywa. Akaona wote wawili wanamtazama kwa kicheko, wakingoja kumwona akishindwa. Hakuna aliyewahi kumwamini kwa siri yoyote, na sasa watu wazima wamempa ya kwao. Akajisikia mkubwa.

"Naweza," alisema, akawamiminia chai.

Siku zilizofuata siri ilimkaa vibaya. Vidonge viliendelea kukatwa, lakini Baba hakupata nafuu. Siku iliyopangwa ilifika, akaacha sigara asubuhi na kuwasha nyingine kabla ya jua kutua. Baba Mdogo alipungukiwa usingizi. Alikuja kazini macho mekundu, na siku moja Chiriku aliuona mkono wake ukitetemeka alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano. Mkono ule, ambao haukukosea kamwe.

"Mbona siku hizi umekuwa kimya?" Mama alimuuliza walipokuwa wakiosha vyombo. "Umegombana na wenzako?"

"Hapana, Mama."

"Unaumwa?"

"Hapana."

Mama alimgusa paji la uso, akaendelea na vyombo. Chiriku alitamani aulizwe mara moja zaidi, lakini hakuulizwa.

Jioni moja Baba alikwenda kumpelekea mteja kochi lake. Baba Mdogo akabaki peke yake, na kwa kuwa kulikuwa na ubao mmoja uliobaki, akawasha msumeno wa umeme ili kaka yake akirudi akute kazi imekwisha. Chiriku alikuwa anakaribia na chupa ya chai aliposikia mlio wa msumeno ukibadilika. Mchomeaji vyuma alimpita mbio, akaingia karakana na kuzima umeme. Mlio ukakatika.

Chiriku aliingia nyuma yake. Baba Mdogo alikuwa chini kwenye vumbi la mbao, mwili mzima ukitetemeka, macho yamegeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa damu.

"Usitazame, mwanangu," mchomeaji alisema. Alimlaza Baba Mdogo kiubavu, akavua shati lake na kuufunga ule mkono. "Kimbia kwa muuza vioo. Mwambie alete gari."

Chiriku alikimbia. Chupa ya chai ilibaki mlangoni, imevunjika ndani.

Hospitalini Baba aliwakuta akiwa anahema, uso umempauka. Mama naye akafika. Daktari wa zamu alitoka akiwauliza haraka haraka, "Huyu mgonjwa ana kifafa? Anatumia dawa yoyote?"

"Hana," mchomeaji alisema. "Mzima wa afya. Tunafanya kazi pamoja kila siku."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Chiriku alimtazama, akasubiri, kisha akaona hawezi kusubiri tena.

"Anatumia," alisema. "Anameza nusu ya vidonge vya Baba, vile vya kuacha sigara. Wanavikata kwa kisu. Na zamani aliumia kichwa, akawa anaanguka hivi hivi."

Daktari hakumgombeza mtu. Alishukuru, akageuka na kurudi ndani akiita wauguzi. Mama ndiye aliyemtazama mumewe, kisha akamgeuzia mgongo. Baba angependa afokewe.

Baba Mdogo alipona ile hali ya kutetemeka. Mkono wake haukupona. Vidole vitatu havikuweza kuokolewa, na viwili vilivyobaki vilikakamaa. Mshonaji wa mtaa wa mafundi hangeshika tena sindano kwa mkono wa kulia.

Siku waliyoambiwa hivyo, Chiriku alimkuta baba yake kwenye benchi nyuma ya wodi. Alikuwa na sigara mdomoni na kiberiti mkononi, lakini hakuwa amekiwasha. Alikuwa analia. Chiriku hakuwahi kumwona akilia. Alikaa kando yake, na yeye pia akaanza.

"Ni mimi, Baba," alisema. "Nilimsikia daktari akiuliza habari za kichwa. Nikakumbuka kovu la Baba Mdogo. Sikusema."

Baba alitoa ile sigara mdomoni, akaishika mkononi.

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Mimi ndiye niliyeulizwa, na mimi ndiye niliyekuwa na mdogo wangu siku aliyoanguka kutoka kwenye paa. Nililikumbuka hilo kovu kabla yako. Nikasema moyoni, hayo ni ya zamani. Wewe ulinikumbusha maneno ya daktari, nikayapuuza. Usijibebeshe mzigo wangu."

Alivunja sigara na kuitupa kwenye pipa la taka. Chiriku alifikiri mambo yameishia hapo, lakini kuacha sigara hakuishi kwa kuvunja sigara moja. Baba mwenyewe alilijua hilo. Kesho yake alirudi kwa yule daktari mwanamke, safari hii pamoja na Mama, akamweleza kila kitu bila kuficha.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Kidonge kikikatwa, dawa inaingia mwilini kwa pupa badala ya kuingia polepole," alisema. "Kwako wewe ilikuwa nusu ya dawa, ndiyo maana haikukufaa. Kwa ndugu yako, aliyewahi kuumia kichwa, hata nusu ilikuwa hatari, kwa kuwa dawa hii huweza kuamsha kifafa. Angekuja kwangu, ningempa msaada mwingine. Upo."

Baba akaanza upya. Alimeza kizima, kwa saa zake. Kinywa kilimkauka, usingizi ukamsumbua, na kila lilipomtokea jambo alirudi kuuliza badala ya kujitibu. Kulikuwa na siku mbaya. Chiriku alimwona akitoka nje na kuzunguka nyumba, mikono mgongoni, mpaka hamu ipite. Polepole siku hizo zikapungua, na kikohozi nacho kikatulia. Mama akaanza tena kulala.

Baba Mdogo aliporuhusiwa kurudi karakana, aliikuta kimya. Viunzi vya makochi vilikuwa vimesimama bila ngozi. Baba alikuwa amejaribu kuvisha kimoja, na kitambaa kilikuwa kimejikunja pembeni. Baba Mdogo alizunguka lile kochi, akalikagua.

"Kaka, hili umelivisha au limelala na nguo?" alisema.

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu wote waliutazama ule mkono.

Chiriku alimimina chai kutoka kwenye chupa mpya. Baba Mdogo alitoa mfukoni kipande cha ubani maalumu aliopewa hospitalini, wa kutafuna pale hamu ya sigara inapomshika. Alikiweka mezani, na kwa mkono wa kushoto akakishika kisu chake chembamba. Kisu kikagusa katikati ya ubani. Hapo akasita.

"Huo ni wako, mdogo wangu," Baba alisema taratibu.

"Ni mazoea tu, kaka." Baba Mdogo aliweka kisu chini. Macho yake yalilengwalengwa na machozi. Alimwita Chiriku, akamsimamisha mbele yake.

"Mimi ndiye niliyekupa ile siri," alisema, "na nilikupa kwa mzaha. Nikakufanya uone kwamba kunyamaza ni ukubwa. Nisamehe. Mtu mzima akikwambia ufiche jambo la dawa au la ugonjwa, hata akiwa ni mimi, usifiche. Mwambie mama yako, mwambie mwalimu, mwambie daktari. Siku ile hospitalini ulisema, ndiyo maana niko hapa nakunywa chai."

Chiriku alimwongezea chai kikombeni. Akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nina langu," Baba alisema. "Dawa hupewa aliyepimwa, kwa sababu daktari ameutazama mwili wake na kusikia habari zake. Nilidhani nikimnyima ndugu yangu kidonge namnyima upendo. Kumbe ningempenda vizuri zaidi kama ningemshika mkono nikampeleka hospitali."

Baba Mdogo akatafuna ubani wake wote, peke yake, akikunja uso kwa ladha yake. Baadaye alipoutema, Chiriku aliuchukua mkate. Mikono ya kuukata haikuwa kama zamani, kwa hiyo aliumega yeye, katikati, akampa kila mmoja nusu yake.