Nusu Kopo la Rangi Nyekundu

Duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Bukoba lilikuwa limebakiwa na kopo moja la rangi nyekundu, na watu wawili walikuwa wamelishika. Mmoja alikuwa Buberwa, muuza nguzo, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Mwingine alikuwa Alistidia, fundi cherehani, gauni la kitenge cha njano na chini yake mabuti ya mvua. Buberwa aliyatazama mabuti, akapandisha macho taratibu hadi usoni, na hamu yote ya rangi ikamwisha.

"Dada, unapaka nyumba au unaenda kulima?"

"Naenda kuokoa maji," alijibu Alistidia bila kuachia kopo. "Wewe?"

Buberwa aliitaka rangi kuwekea alama nguzo za wateja. Mwenye duka alichoka kuwangoja, akawagawia nusu kwa nusu. Namba za simu waligawiana wenyewe.

Mwezi mzima simu hazikupoa. Buberwa alimwita Mabuti Wangu. Alistidia alimsimulia kwamba kila Jumamosi hujitolea na kikundi cha kulinda vyanzo vya maji huko Muleba. Buberwa naye akamwambia ana miti hukohuko, mikaratusi arobaini aliyopanda na baba yake mwaka mmoja kabla mzee hajafariki. Ilikuwa bado myembamba, lakini baada ya miaka minne ingepaua nyumba yao.

"Nyumba yetu, wewe na nani?"

"Na mwenye mabuti."

Alistidia alicheka, akamkumbusha desturi ya Wahaya: mwanamke akimletea mume senene, wale panzi wa kuliwa, mume humpa nguo mpya. Mwezi wa kumi na moja, alimwonya, awe na kitambaa tayari, la sivyo senene atawasikia kwa jirani. Waliongea yote hayo, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake ni kijiji gani. Wapendanao ndivyo walivyo, husikiliza sauti wakaacha habari.

Jumamosi moja kikundi kilifika kijiji cha Kagoma, ambako chemchemi ilikuwa imedhoofika na akina mama walisubiri nusu saa ndoo moja kujaa. Walipima kutoka kwenye bomba la saruji zile mita sitini ambazo sheria inataka ziachwe. Mikaratusi kumi na tisa ilikuwa ndani, nayo hunywa maji kupita kiasi. Mwenyekiti wa kijiji alisema ni ya marehemu mzee Rugemalira, mwanawe yuko mjini na atapewa taarifa. Kwa mkono wake mwenyewe Alistidia aliiwekea alama nyekundu ya kukatwa.

Jioni simu ililia.

"Rugemalira ni baba yangu," alisema Buberwa. "Ulijua?"

"Sikujua. Ningejua, ningekupigia kwanza. Halafu ningepaka."

Simu ikakatwa, na wiki mbili zikapita kimya. Alistidia alimpenda na alijua anampenda. Alishona sketi ya mteja upande-upande huku machozi yakimtoka. Lakini kuomba msamaha kwa ajili ya rangi ile hakuweza, kwa sababu alikuwa ameziona ndoo.

Buberwa alikwenda Kagoma na futi yake mwenyewe ya kupimia, amedhamiria kulikamata kosa la kikundi. Alianzia kwenye bomba la saruji. Bibi Agnetha, aliyekuwa akisubiri ndoo yake, alimtazama kwa huruma, akamwita baba kwa Kihaya.

"Hapo ni pa juzi, tata. Maji yalihama baada ya miti yenu. Wewe mama yako si alikuwa anakutuma kule juu?"

Buberwa alipanda mpaka katikati ya miti yake. Jiwe alilokuwa akitulizia ndoo utotoni lilikuwepo palepale, limefunikwa na majani makavu, na chini yake vumbi tupu. Alipima upya kutoka jiweni. Miti yote arobaini ilikuwa ndani. Alikaa juu ya jiwe akamkumbuka baba yake, ikamuuma sana. Kisha akapiga simu.

"Alistidia, kipimo chenu kina kosa."

"Kosa gani?"

"Mlianzia chini. Njoo na rangi yako, yangu peke yake haitoshi."

Alikuja Jumamosi, mabuti miguuni na mfuko wa senene wa kukaanga mkononi. Waliipaka alama miti iliyobaki pamoja, huyu na nusu yake na yule na nusu yake, na msumeno ukaanza kazi. Buberwa aliiangalia ikianguka mpaka wa mwisho.

"Nyumba haina paa sasa," alisema.

"Nimekaa chini ya paa la kupanga miaka yote. Nioe hivyohivyo." Akanyoosha mfuko. "Ila ukipokea, desturi unaijua."

Buberwa aliupokea, akafungua begi akatoa kitenge cha bluu.

"Umekinunua leo?"

"Siku ileile uliyonionya."

"Hata zile wiki mbili ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho. Nilikikasirikia, lakini sikukirudisha dukani."

Alistidia alikikunjua palepale kando ya jiwe, akakipima kwa mikono yake ya fundi. Kilikuwa kinatosha gauni na kilemba.

"Leo umepima vizuri," alisema, akajitanda.