Kanzu ya Mama, Joho la Baba

Kila Ijumaa Mama Yamina hupika kuskusi, chembe za ngano zinazoivishwa kwa mvuke, na harufu yake hupanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Watu wa mji wa Kasantina hawachezi na kuskusi ya Ijumaa. Lakini siku hiyo sinia lilibaki limejaa.

Binti yake, Wasila, alikula kidogo akasukuma sahani. Lutfi, pacha wake, hakugusa kuskusi kabisa. Alimenya mayai ya kuchemsha, akala moja baada ya jingine.

"Wasila, kula! Utamkimbiza bwana harusi na mifupa hiyo," mama alisema.

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba hewa? Mtazame mwenzako anavyokula kiume!"

Lutfi aliinamisha kichwa.

Harusi ya Wasila ilikuwa imekaribia. Angevaa kanzu ya mahameli aliyoolewa nayo mama yake, yenye tarizi za uzi wa dhahabu. Mama aliivaa akiwa msichana mwembamba. Wasila alipoijaribu, vifungo havikukutana.

Lutfi naye alikuwa na lake. Bi harusi hutoka nyumbani akipita chini ya mkono wa baba yake, amefunikwa joho la sufu. Baba yao alishafariki, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Lutfi. Marehemu alikuwa mtu wa miraba minne. Lutfi alipolivaa joho la baba, binamu zake walicheka hadi machozi.

"Jamani, nani katundika joho kwenye msumari?"

Jumamosi asubuhi Wasila alianguka jikoni. Mama Yamina alipiga kelele, na Nasira akapanda mbio. Nasira ni muuguzi, jirani yao wa ghorofa ya pili. Alimpima presha, akampa maji ya matunda.

"Mwanangu, lini ulikula ukashiba?"

"Kabla sijaijaribu kanzu, Bi Nasira. Lazima initoshe."

"Wasichana wa siku hizi!" mama alilalamika. "Afadhali Lutfi. Anakula, anafanya mazoezi, hana habari na mambo ya umbo."

Nasira alimgeukia Lutfi, aliyesimama mlangoni. Chunusi zilikuwa zimemjaa shingoni na mabegani.

"Lutfi, huko mazoezini wanakupa nini?"

"Vidonge tu."

"Tu?"

"Na sindano," alijibu kwa sauti ndogo.

Mama Yamina aliketi chini. "Sindano? Unaumwa nini?"

"Siumwi, Mama. Mimi ni mwembamba."

Hapo Nasira akavuta kiti. "Yamina, hawa wote wawili wanauonea haya mwili. Wasichana wengi hujiona wamezidi, wakataka kupungua. Wavulana wengi hujiona wamepungua, wakataka kutanuka. Msichana akiacha kula tunashtuka. Mvulana akimaliza trei ya mayai tunampigia makofi! Basi haulizwi, naye hasemi."

"Hizo sindano zina ubaya gani?" Lutfi aliuliza.

"Homoni bila daktari zinaweza kuharibu moyo na ini. Zinaweza hata kukunyima watoto. Twende kwa daktari, umwambie kila ulichotumia. Na wewe Wasila, ukijinyima hivi hedhi inaweza kukatika na mifupa ikadhoofika. Utakuja na wewe."

Pacha wale walitazamana.

"Kumbe na wewe?" Wasila aliuliza.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," Lutfi alisema. Wakacheka, ingawa machozi yalikuwa yanamtoka Wasila.

Mama Yamina aliona uchungu sana. Kila siku aliisema miili yao mezani, akidhani anatania. Alinyanyuka, akatoa kanzu na joho kabatini.

"Kitakachokatwa ni nguo," alisema. "Wanangu siwakati."

Fundi cherehani aliongeza kipande cha mahameli kila ubavu, akalipunguza joho mabegani. Daktari alimpima Lutfi damu, akamsimamia mpaka akaachana na sindano. Mazoezi aliendelea nayo, na kuskusi akairudia. Wasila alirudi mezani taratibu.

Siku ya harusi shangazi mmoja alifungua mdomo: "Wasila, naona umeongeze—"

"Hapa tunasema hongera," mama alimkatiza. Vigelegele vikaimeza aibu ya shangazi.

Lutfi aliinua mkono mlangoni. Dada yake akaingia chini ya joho, wakaanza kushuka ngazi polepole, huku watu wanalia na kuimba.

"Lutfi," Wasila alinong'ona.

"Unasemaje? Unaogopa?"

"Nina njaa."

Lutfi alicheka kwa sauti mbele ya wageni wote. "Mama!" aliita. "Bi harusi anataka kula!"