Tundu la Mwisho wa Mshono

Umeme ulikatika kabla ya adhuhuri, kawaida ya Bukavu miaka ile ya vita, na mashine ya Zagabe, mshono ndiyo kwanza umekwisha, ikanyamaza. Bati lililokuwa chini yake halikunyamaza. Liliendelea kulia, sauti nyembamba ya kitu kinachozunguka, mpaka Zagabe akaliwekea kiganja, ndipo likatulia. Akajiambia ni masikio yake tu. Mtu aliyesomea Ubelgiji, si unajua, hana haraka ya kuogopa.

Karakana yake ilikuwa mtaa wa Nguba, hatua chache kutoka ziwani, na kazi ya juma lile ilikuwa moja: kuunga mabati mawili membamba ya alumini yawe kiraka cha tumbo la ndege. Barabara ya Shabunda ilikuwa imefungwa na wenye bunduki. Mke wake, Georgette, alikwenda huko kumzika mama yake, akanaswa, na mapigano yalikuwa yakisogelea mji. Ndege iliyokubali kumfuata ilikuwa hiyo hiyo moja, nayo ilikuwa imetobolewa na risasi. Bila kiraka hairuki. Isiporuka, Georgette ndiyo basi.

Alumini nyembamba namna ile ukiichomea kwa moto inajikunja na kupasuka. Zagabe alikuwa na njia yake, na jamani, ilikuwa nzuri: kijiti cha chuma kigumu kinazungushwa kwa kasi, kinazamishwa pale mabati yanapokutana, kinasugua mpaka alumini inalainika bila kuyeyuka, halafu kinasogezwa polepole kikikoroga pande mbili ziwe kitu kimoja, kama maman jikoni anavyosonga fufu, ule ugali wa muhogo. Lakini ukichomoa mwiko kwenye fufu, shimo linabaki. Kila mshono wa Zagabe uliishia na tundu. Mafundi wenye mali humalizia mshono kwenye kipande cha ziada, kisha hukikata na kukitupa. Yeye ziada hiyo hakuwa nayo.

Alipoinama kukagua lile tundu, harufu ilimpiga puani: nywele zilizoungua na mafuta ya ndege. Kisha ndani ya bati, bati lenyewe unene wa ukucha, kitu kikagonga.

Alimfuata Alphonse, mwuza vyuma chakavu wa Mumosho aliyemletea mabati yale. Alphonse alizunguka mbuyu weee, akaapa kwamba ni mali safi, mwisho akaishiwa, akashusha sauti. Ndege ilianguka porini upande wa Mwenga. Yeye na wenzake walikwenda kubeba alumini ya kuwauzia wafua sufuria, wakakuta mwanamke yuko mzima ndani, mlango umejipinda, anagonga. Wangemtoa, angesema ni akina nani waliobeba mizigo ya watu.

"Sasa mulifanya nini?" Zagabe akauliza.

"Tulingojaka anyamaze."

Zagabe alirudi mjini. Siku zote alimcheka Maman Bintu wa Bagira, yule anayetoa watu mapepo, na leo akampigia hodi mwenyewe. Mama akaja, akaweka sikio juu ya bati, akakaa hivyo muda mrefu. Akauliza kama mabati mengine ya Alphonse yalishayeyushwa yakawa sufuria, na kama kuna sufuria iliyowahi kulia. Hakuna, Zagabe akasema.

"Njo vile. Moto inafukuzaka roho," akanong'ona. "Weye ulimusugua tu, ukamwamusha. Sasa iko natafuta mulango, na mulango njo hii tundu. Lalisha bati kando ya ziwa mpaka asubui, ataenda. Ukimufungia ndani, atatafuta tundu ingine. Na mutu iko na matundu mingi, papa."

Zagabe alikubali, tena kwa moyo wote. Alikwisha kulibeba bati mpaka mlangoni rubani alipofika na gari, jasho linamtoka: Shabunda inaweza kuanguka kesho, anaruka leo, na kiraka chenye tundu hakipandi kwenye ndege yake. Zagabe alimtazama Maman Bintu. Mama alichukua kitenge chake, akaondoka.

Zagabe akachukua riveti, kile kisumari cha kubania mabati, akaichomeka kwenye tundu, akainua nyundo, na hapo bati likaanza kugonga kutoka ndani, kwanza taratibu, kisha kwa ngumi mbili, kisha ikaja sauti, ya mwanamke, ya chini, sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi lakini bado ana adabu, ikimwomba papa amfungulie, amfungulie kidogo tu, na Zagabe akilia machozi ya kweli akapiga, akapiga, akapiga, akimfikiria Georgette, mpaka kichwa cha riveti kikalala bapa na karakana ikawa kimya. Rubani alisema kazi ni safi.

Na ndege ilirudi! Uwanjani Kavumu, Zagabe alimkumbatia mke wake mbele ya askari wote bila haya. Viti havikuwamo, abiria mmoja akamwambia, na maman Georgette alikaa chini njia nzima, mgongo umeegemea kile kiraka kipya.

Nyumbani Georgette alikaa mezani, akamega fufu. Zagabe alisimama nyuma yake amshike mabega, akaiona pale chini ya nywele, kisogoni: alama ya duara, pete ndani ya pete, kama ile ambayo kijiti chake huacha juu ya alumini. Harufu ikampanda, nywele zilizoungua na mafuta. Akainama, akaweka sikio kwenye mgongo wa mke wake.

Kulikuwa na mtu anagonga. Na sauti iliyotoka mle ndani, ya mbali, iliyoishiwa pumzi, aliijua. Alikuwa amelala nayo kitanda kimoja tangu siku ya ndoa yao.

"Zagabe, nifungulie. Ni miye."

Yule aliyekaa mezani hakugeuka. Alimega tonge, akalichovya kwenye mboga ya sombe.

"Ngoja tu," akasema. "Atanyamaza."